Saa Iliyobaki Rusumo

Jumatatu, 2 Machi

Vishikwambi vyote viko kwenye chaji tangu asubuhi. Umeme umekatika, umerudi, umekatika tena. Nimevipanga mezani kwa namba, vioo juu, na ukungu ukaingia kwa dirisha la nyuma ukavilalia. Nikasahau nilichokuwa nafanya. Sadiki, fundi wetu wa mitandao, akaniuliza kama nasali.

Wiki ijayo mtihani wa kwanza usio na karatasi katika kituo chetu cha chuo hapa Ngara. Mtahiniwa anakuja mwenyewe ukumbini, anapigwa picha ya uso mlangoni, simu yake inaingia kwenye bahasha ya kaki. Saa tatu kamili kishikwambi kinafungua mtihani na hakifungui kitu kingine. Makao makuu wanasema hata nzi hapiti. Msimamizi mkuu ni mimi. Naogopa. Pia najivuna, niseme ukweli, maana hakuna asomaye hapa.

Jumanne, 3 Machi

Ajabu ya leo. Jana Sadiki alikwenda Rusumo, mpakani, na kishikwambi kimoja kuwapiga picha watahiniwa wa huko. Leo kinasoma saa moja nyuma ya vingine vyote. Kilinasa mnara wa ng'ambo ya mto, kikajihesabu kiko Rwanda. Kule saa zao ziko nyuma yetu.

Tumefunga saa za vishikwambi vyote zisijibadili. Kile cha Rusumo kikafungwa pamoja na kosa lake kabla hatujakirekebisha. Kosa la haraka ya Sadiki, na yangu niliyekuwa namhimiza. Kukifungua mpaka makao makuu. Tumekiweka kabatini kama akiba.

Jioni nimekifungulia kabati nikakitazama. Huku giza limeingia, chenyewe kinasema jua bado lipo. Mama, aliyevuka kutoka Burundi, ambako saa ni zilezile za Rwanda, akiwa mtoto wa mgongoni, huwa anasema hivyohivyo kila nikimhimiza kulala: kule kwetu bado mapema. Nilidhani ni utani wa wazee. Saa ile moja inakaa wapi, watu wakishavuka?

Alhamisi, 5 Machi

Mvua. Mwalimu Godeliva alikuja kutoka Bukiriro, matope mpaka magotini. Anafundisha darasa la tatu huko. Umri wa mama yangu mdogo, lakini ananiita madamu, nami namwamkia, na kila mara tunachekana kidogo.

Amebakiza somo moja, Upimaji na Tathmini. Ameshalifeli mara mbili. Muda wake wa usajili unaisha mwezi huu. Akikosa mtihani wa Jumatatu, miaka yote aliyosoma akitoka darasani, akitoka shambani, inafutika. Hana shahada, hana kitu. Anaogopa barabara ya Bukiriro kuliko mtihani. Gari likikwama asubuhi hiyo, basi.

Nikamwambia alale Rusumo Jumapili, kwa dada yangu Jovina anayepikia madereva wa malori. Pale magari hayakosekani alfajiri. Alinishika mikono yote miwili. Nikajiona mtu mwema sana.

Ijumaa, 6 Machi

Nimewatumia watahiniwa ujumbe. Njooni na kitambulisho. Njooni mapema. Fikeni simu zikiwa zimezimwa. Nimeusoma mara nyingi nikiridhika nao.

Jumapili, 8 Machi

Kanisani sikusikia mahubiri. Niliota macho wazi. Ukumbi umejaa migomba, watahiniwa wamekaa chini yake, wanaandika juu ya majani kwa kidole na maandishi yanatokea. Nilikuwa na furaha. Kwaya ikanishtua.

Jumatatu, 9 Machi

Sijui nianzie wapi.

Ukungu mzito, jua halikuonekana kabisa. Saa tatu kamili vishikwambi vikafunguka vyote kwa pamoja, nyuso zikapata mwanga wa buluu kutoka chini. Kimya. Hakuna sauti ya kalamu, hakuna karatasi inayogeuzwa. Vidole tu, laini, mvua ya rasharasha juu ya majani. Nilisimama katikati nikajisikia naelea.

Kiti kimoja kitupu. Godeliva. Nikatazama nje. Kwenye benchi chini ya upenu alikaa mwanamke, kanipa mgongo, kajifunika kitenge kichwani kwa baridi, anamenya kiazi kitamu taratibu. Nikadhani ni mgeni wa mfagizi wetu. Nikawaza jinsi alivyotulia, nikamwonea wivu. Nikageuka.

Kanuni ni nusu saa. Ikishapita, mlango haufunguliwi kwa yeyote. Nilimsubiri Godeliva moyoni mpaka ikapita, nikajaza kwamba hakuhudhuria, nikatoka kuvuta hewa.

Mwanamke akainuka. Ni yeye. Anatabasamu. "Madamu, leo nimewahi! Nilipopita nikaona wengine mko nao ndani, nikasema hao ni wa somo lingine, ngoja ninyamaze."

Nikamuuliza saa aliionea wapi. Alikuwa ameiangalia simu mara moja tu, alipoamka Rusumo, kisha akaizima kama nilivyoagiza. Nikamwomba aiwashe. Ikaonyesha saa ya ng'ambo. Halafu ikanasa mnara wa kwetu, na mbele ya macho yetu namba zikaruka. Saa nzima ikatoweka tukiwa tumesimama. Ganda la kiazi bado liko mkononi mwake.

Alielewa kabla sijasema. Hakupiga kelele. Alikunja magoti kama anavyokunja mbele ya wakubwa, mbele yangu mimi, na hilo ndilo lililoniumiza kupita yote.

Sadiki alinivuta pembeni. Kile cha kabatini, alisema. Kwenye kile saa tatu haijafika. Kitampokea, na hakuna mtu aliyetoka ukumbini na maswali bado.

Alikuwa sahihi. Kingempokea. Nilikwenda mpaka kabatini, nikatia ufunguo. Nikakishika. Nikafikiri: wakigundua, wanafuta mtihani wa ukumbi mzima. Walio ndani wana mito yao waliyoivuka. Nikakirudisha. Nikafunga kabati.

Nikamwambia Godeliva nitapiga simu. Akasema ahsante. Akakaa tena kwenye benchi mpaka wote wakamaliza, wakapita mbele yake wakiulizana majibu.

Nilipokuwa natazama mgongo wake kupitia dirishani, nusu saa ilikuwa haijaisha. Ningefungua mlango angeingia.

Jumanne, 10 Machi

Afisa mitihani wa makao makuu hanielewi. Anasema Tanzania yote ina saa moja. Nikasema ndiyo, ila minara haijui mpaka. Akacheka. Akasema ikiwa simu ya mtahiniwa inaonyesha saa sahihi, basi tatizo ni mtahiniwa. Akasema anayetaka mtihani maalumu alete ushahidi na maelezo, kamati itaona. Nilikata simu nikarusha kalamu ukutani. Wino umebaki.

Alhamisi, 12 Machi

Rusumo. Niliondoka Ngara baada ya chakula.

Jovina anapika kwenye banda lake, malori yamepanga foleni mpaka kwenye kona. Nikamweleza. Akanishangaa mimi. "Wewe Editha, hujui? Hapa simu inarara Tanzania, inaamka Rwanda. Sisi saa tunaiuriza kwa madereva. Ningemwambia mwarimu wako, ila mimi natoka kuwasha moto kabra hajaamka." Akaendelea kugeuza ndizi. Kila mtu wa pale anajua. Haikumpitia akilini kwamba wapo wasiojua, kama ambavyo huwezi kumwambia mgeni kwamba mto una maji.

Mimi ndiye niliyejua na nisiyekuwa wa pale. Vishikwambi niliviwekea ulinzi. Watu sikuwaambia.

Nikakaa nyuma ya banda, simu mapajani, nyingine ya Sadiki kando iwe shahidi, maana hiyo ameifunga saa isijibadili. Maporomoko yanasikika hata usiyaone. Mvuke unapanda, nyumba za upande wa pili zinaelea juu yake, watu wadogo wanateremka na madumu. Nilisinzia au sikusinzia, sina hakika. Nilipotazama, simu yangu ilikuwa imerudi nyuma. Bila mlio wowote. Zile dakika nilizokuwa nimeshaziishi, njiani, kwenye moshi wa Jovina, nimerudishiwa. Nikawaza, sasa nifungue ule mlango.

Nimepiga picha simu mbili pamoja, kwa simu ya Jovina.

Ijumaa, 13 Machi

Maelezo yanauliza: mtahiniwa alikuwa wapi, kwa nani, nani shahidi. Picha inathibitisha kwamba saa inageuka Rusumo. Haithibitishi kwamba Godeliva alilala Rusumo. Anayejua ni Jovina, na Jovina ni dada yangu, na aliyempeleka ni mimi. Msimamizi haruhusiwi kumpa mtahiniwa malazi wala kumtafutia kwa ndugu zake. Nimesaini hilo kwa mkono wangu, ukurasa wa mbele kabisa.

Sadiki anasema niandike amelala kwa jamaa. Neno jamaa halina jina.

Nimeandika yote. Kwa dada yangu, kwa ushauri wangu, simu imezimwa kwa agizo langu. Nikaandika pia habari ya dirisha, ambayo hakuna aliyeiuliza. Nimetuma.

Jumatano, 18 Machi

Hakuna jibu. Mvua. Godeliva hakupiga simu, naona anaogopa kunisumbua. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 23 Machi

Niliota Godeliva amekaa benchi katikati ya mto, maji yanapita chini ya miguu yake, anamenya kiazi, ganda halikatiki, linashuka na maji mpaka mbali. Namwita kutoka ukumbini. Kioo cha dirisha kinanata na mdomo wangu.

Jumatano, 25 Machi

Wamejibu. Aya mbili.

Ya kwanza: mtahiniwa ameruhusiwa kufanya mtihani maalumu, maswali mapya, hapahapa Ngara, usajili umeongezwa mpaka siku hiyo.

Ya pili: mimi nimeondolewa usimamizi wa mitihani mpaka watakapoamua vinginevyo. Siruhusiwi kuingia ukumbini siku hiyo. Sadiki atasimamia.

Nilisoma ya kwanza nikaruka. Nilisoma ya pili nikakaa. Nimekasirika, sifichi. Ukumbi ule niliupanga mimi, kiti kwa kiti, waya kwa waya. Halafu nikampigia Godeliva. Nikamsomea aya ya kwanza, nikasikia darasa la tatu wanasoma kwa sauti nyuma yake. Nikakata ili alie peke yake.

Ijumaa, 10 Aprili

Nimenunua saa ya ukutani. Nimeigongomelea nje, chini ya upenu, juu ya benchi. Hainasi mnara wowote. Sadiki akasema imepinda. Nikamwambia aiache.

Jumanne, 14 Aprili

Godeliva alilala kwa masista jana. Nilimkuta benchini asubuhi, kitenge kichwani, ukungu umemfunika mpaka mabegani. Shikamoo. Marahaba, madamu. Akatazama juu kwenye saa, akacheka kwa sauti, sijawahi kumsikia akicheka hivyo.

Alikuwa na kiazi amekifunga kwenye jani la mgomba. Akataka kunigawia. Nikamwambia siruhusiwi kupokea kitu, si kabla ya mtihani. Akakiweka kwenye benchi, upande wangu. Sadiki akamwita, akampiga picha ya uso, akatia simu kwenye bahasha. Mlango ukafungwa.

Nikakaa alipokuwa amekaa. Kutoka hapo ukumbi hauonekani. Inaonekana migomba ya jirani, na kilima, na kilima kingine nyuma yake kinachoyeyuka. Hakuna kinachosikika kutoka ndani. Sikujua hivyo. Mtu anaweza kukaa pale akiamini kabisa kwamba hakuna kilichoanza. Niliwaza nigeuke nitazame dirishani. Sikugeuka.

Ukungu ukaondoka, jua likaja, likafika kwenye vidole vya miguu. Wakati fulani mlango ulifunguka na Godeliva akatoka, akakaa karibu nami. Sikumuuliza mtihani umekuwaje. Alifungua lile jani.

Kiazi kilikuwa kimepoa. Akakikata katikati, nusu yangu ilikuwa kubwa zaidi. Tukala.