Mapiesi ya Vita Yako

Bwana yangu mudogo, mujukuu yangu,

Weye mutoto iko na roho gani? Wenzako wanatoka Bulaya kuja kuzika, kuoa, hata kuonyesha viatu tu. Weye hukanyagi hapa. Na usiniambie vita. Vita siye tunalala ndani yake na asubuhi tunafagia uwanja.

Mukono huu unaujua. Ni Mama Baraka, jirani yetu, ule alikufundisha kusoma. Mimi ninasema, yeye anaandika.

Ule ubaridi wa huko ungali unakukamata kifua? Mimi niko, magoti tu ndiyo yanabishana na mimi. Nyumba yetu hapa Bunia, mutaa wa Rwambuzi, inasimama. Mabati yametobolewa na masasi ya bunduki, mvua ikinyesha tunapanga masufuria chini.

Sasa sikia. Ile siku uliniambia kwa simu kwamba unatengeneza mapiesi ya majeshi, ya kutumika leo kwa vita hii na kesho kwa ile, mimi nilisikia mapiesi ya chuma, vipuri kama vile vya pikipiki sokoni. Nilitoka pale shingo juu. Kwenye maji, kanisani, kila mahali nilisema bila bwana yangu wa Bulaya hakuna jeshi linalotembea. Vijana wa bunduki wakasikia. Wakaanza kuniita koko ya fundi, ni kusema bibi yake, wakanipitisha mbele kwenye maji. Siku moja wakaniletea paja la mbuzi na kuuliza kama unaweza kuwatumia mapiesi. Sikuuliza ile mbuzi ilikuwa ya nani. Nilikula.

Halafu Baraka akauawa njia ya Marabo, alienda kutafuta mihogo. Nilienda matangani na unga kichwani. Mama yake akaniuliza mbele ya wamama wote:

"Koko, bunduki iliyoua mutoto yangu, piesi yake ilitoka kwa nani?"

Hakuna aliyesogea nipate pa kukaa. Nilirudi na unga wangu. Mama Baraka ananiambia hapa nisiruke kitu, basi siruki.

Nikaenda tena kwenye simu kukugombeza. Weye ukacheka. Ukasema haiko chuma, ni maandishi ndani ya ordinatere, ile kompyuta: mumoja anaandika askari, mwingine barabara, mwingine watu wanaokimbia, na wakubwa wanaunganisha yote kuwa vita ya kujaribia, askari wajifunze. Ikiisha, walioanguka wanasimamishwa, wanapelekwa kwa vita ya kujaribia ya inchi nyingine, ni wale wale.

Nilifurahi. Sikupita hata nyumbani, nilikimbia kwa Mama Baraka kukusafisha jina. Nikamueleza na mikono: wanaanguka, wanaamuka, hakuna anayekufa. Alikuwa anachambua maharagi. Akaacha.

"Koko, wa mujukuu yako wanaamuka."

Akaingia ndani, nikabaki uwanjani.

Mara ya kwanza nilimupelekea uongo bila kujua. Mara ya pili nilimupelekea ukweli, na niliupeleka nikitabasamu. Aibu hii haitoki hata nikioga. Siku hizi ninazunguka nyuma ya kanisa ili nifike kwenye maji bila kupita kwake. Na yako pia ninaibeba, kwa sababu ulicheka.

Juzi ni yeye alibisha mulango, kalamu mukononi. Alisikia ninatafuta mutu wa kuniandikia. Akasema mwingine ataweka sukari kwenye maneno yangu. Ndiyo maana barua hii haina sukari.

Sisemi uache kazi. Kazi yako siijui. Ninasema usicheke.

Shangazi yako aliyekimbia vita kutoka Kpandroma anakusalimia, iko anauza maharagi hapa. Ndugu yangu muzee, ule asiyesikia, anauliza kila siku kama umefika, na tukimujibu hasikii. Dada yako amezaa mutoto mwanamuke, anafanana na weye, masikini.

Ni mimi koko yako, muke wako wa kwanza.

Siku utafika Bunia, usianzie kwangu. Pita mulango wangu hata nikikuita, na nitakuita. Ingia kwa Mama Baraka, kaa chini, usieleze kitu cha ordinatere. Akinyamaza, nyamaza. Akisema juu ya Baraka, sikiliza mpaka amalize. Usiondoke mpaka yeye akuambie uende. Chakula utakikuta kwangu, na kama kimepoa, utakila vile vile.