Msalaba wa Anastasie Kanyere

Kirolirwe, Masisi
Tarehe 2 Desemba 2018

Mpendwa mwanangu Valens,

Nakusalimu wewe, mke wako Adelaïde na mtoto. Mko wazima? Kifua cha mtoto kimepona? Tunasikia Kinshasa kuna joto la kuchemsha ubongo wa mtu. Pengine ndilo linaloeleza mambo fulani, nami nitayafikia. Sisi huku tupo. Mvua haikatiki, maharagwe yameanza kuvunwa, na goti langu linanisumbua kila nikipanda kwenda kanisani. Baba yako mkubwa Sebarenzi anakula kidogo, tena mpaka asimamiwe.

Ninakuandikia kwa karatasi kwa sababu ujumbe wa simu unaufuta kwa kidole kimoja. Karatasi angalau utapata taabu ya kuikunja.

Mwanangu, mama yako mkubwa Anastasie ametutoka. Najua ulisikia kutoka redioni kwamba Anastasie Kanyere amefariki. Nakuambia sasa ni yupi.

Unajua ndugu zetu wa Butembo wanavyompa mtoto jina kufuatana na zamu yake ya kuzaliwa. Akina Kanyere hawahesabiki, na mapadri nao wakipenda jina moja la ubatizo hawaliachi. Kwa hiyo Masisi na Walikale tulikuwa na Anastasie Kanyere watatu wanaojulikana. Wa kwanza ndiye wa malori, mwenye maduka pale Masisi, ambaye mwaka huu ameona malori hayatoshi, anataka na udepite, yaani ubunge wa jimbo. Wa pili alikuwa mlinda lango wa timu ya wanawake ya Goma. Watu wa umri wangu bado wanamwita Gardien, ingawa siku hizi anauza mafuta ya mawese huko Ntoto. Wa tatu alikuwa wetu, Mama Vété, daktari wa ng'ombe.

Wewe ulimkuta tayari ana jina, hukuona alivyolipata. Alifika hapa bibi arusi, na diploma yake na buti za mpira, na wenye mashamba ya ng'ombe wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mwanamke, tena Mnande wa Butembo, atamjua ng'ombe wapi? Kisha ng'ombe wao wakaanza kufa kwa homa, wakaacha kucheka. Katika vilima hivi vyote hakuna boma ambalo hakuingiza mkono wake.

Alikufa hivi. Jumanne ndama alikwama tumboni mwa ng'ombe wa Papa Nzabandora, yule mwenye shamba kubwa ng'ambo ya mto. Mvua ilikuwa inapiga kweli. Sebarenzi akamwambia angoje ipungue, naye akajibu kwamba ndama hajui mvua ni nini. Akaenda kwa pikipiki, akamtoa ndama akiwa hai, akanawa, akakataa hata chai. Wakati wa kurudi pikipiki iliteleza kwenye ule mteremko wa udongo mwekundu. Dereva alivunjika mkono, yeye akaangukia kichwa. Wachungaji wakambeba kwa machela hadi kituo cha afya. Dada yako Umuhoza alikaa amemshika mama yake miguu mpaka ikapoa. Mama yake hakumwambia neno tena.

Katekista wetu Omer aliandika tangazo vizuri, jina, kazi, kijiji, mume na siku ya mazishi, akalipeleka redioni. Mtangazaji, ambaye najua anapenda sauti yake kuliko anavyopenda habari, akasoma jina, akasema Masisi imepoteza mama mashuhuri, akaweka muziki wa huzuni. Basi. Kwa kichwa chake, mtu mashuhuri hawezi kukaa Kirolirwe.

Ungeona Masisi siku ile! Ua wa Mama wa Malori ulijaa kabla ya saa sita. Walifunga maturubai, walikodi viti, na wanawake ambao mwaka jana walimwita mwizi wa mizani walijigaragaza kwenye tope na vitambaa vyao vizuri. Vyama viwili viligombana ni kipi kikae mbele. Papa Nzabandora, ambaye boma lake lilikuwa bado lina alama za buti za mama yako mkubwa, alipeleka dume zima. Kwa kilio cha malori.

Mwenyewe aliyekuwa analiliwa alikuwa Goma, amekwenda kuchukua fulana zenye picha yake. Akarudi na gari lake la jipu, akakuta yeye mwenyewe amekufa. Mtu mwenye haya angesema, ndugu zangu, mmekosea, nendeni kwa wafiwa. Yeye alipanda juu ya kiti na kipaza sauti.

"Niko muzima!" akasema. "Bwana amenirudisha kwenu! Adui alisema nimekufa, lakini niko hapa!"

Wakapiga vigelegele. Kwaya iliyokuja kuimba nyimbo za maiti ikageuza ukurasa. Dume likachinjwa, fulana zikagawiwa. Mama mmoja, Mungu ambariki, aliuliza, "Sasa ule mwenye alikufa, ni nani?" Akajibiwa kutoka kwenye kiti, "Ah, ni majina yangu tu, tuko na jina moja, ni mama moja wa kule Kirolirwe. Anashulikaka na ngombe." Wakaendelea kula.

Nami nilidhani ubaya umefika mwisho wake. Sikuwa nimemfahamu vizuri yule mama.

Siku ya mazishi, asubuhi, Omer alikuwa ameketi nje ya nyumba na msalaba magotini, anaandika jina kwa rangi nyeupe. Alikuwa amefika "Anas" tu. Likaingia jipu. Akashuka kijana aitwaye Hakorimana, mkuu wa kampeni ya Mama wa Malori, amevaa fulana yenye uso wa mama huyo unaocheka, tumboni kabisa. Kwenye matanga! Akainama mbele ya Sebarenzi, akaongea kwa ile sauti ya chini ya watu waliotumwa.

"Pole sana, Papa. Mama anawapa pole. Anaomba tu kitu moja kadogo. Kwa musalaba, musiandike jina yote. Muandike tu Mama Vété. Juu watu wanapita hapa, wanapiga picha, wanatuma. Watasema kandida njo amekufa, na kura zitapotea. Kisha uchaguzi, mutaandika vile munataka. Mama ameleta simenti ya kaburi na muchele ya watu."

Nilingoja Sebarenzi amfukuze. Lakini mwanangu, huzuni ilikuwa imemmaliza. Hakuinua hata macho. Akasema, "Muandike vile wanataka. Mimi nimechoka."

Omer akanyanyua brashi. Umuhoza akaanza kulia tena, safari hii bila sauti, na hicho ndicho kilichoniudhi zaidi.

Nikamwambia Hakorimana, "Mama yako anatafuta kura mpaka kwa makaburi?"

"Shangazi, usikasirike. Ni jina tu."

"Kama ni jina tu, yeye abadilishe lake."

Akatabasamu. Watu wa namna ile wamefundishwa kutabasamu. Akawaonyesha vijana wake washushe mifuko, na majirani wawili watatu, sitawataja, walikwisha kusogea kuupokea mchele. Walikuwa wamekuja kulia na sisi. Njaa ipo, najua, lakini hata njaa ingeweza kungoja maiti itoke nyumbani.

Ndipo akapanda njia mwanamke mrefu, mtu mzima, tope mpaka magotini, kiatu kimoja mkononi kwa sababu kilikuwa kimekatika. Hakuna aliyemjua. Akasalimu watu wote, akauliza ni nani mwenye msiba, akamshika Sebarenzi mikono yote miwili.

"Papa, mimi natoka Ntoto. Naitwa Anastasie Kanyere."

Watu waliguna. Ilikuwa kana kwamba marehemu amepita mlangoni. Mzee mmoja akasema taratibu, "Ni Gardien," akavua kofia.

Kumbe huko nako tangazo lilifika. Walimjia nyumbani kwa kilio na kuni kichwani, wakamkuta anapima mafuta ya mawese. Anasema walikasirika kidogo kumkuta hai. Yeye badala ya kucheka aliuliza ni yupi basi aliyekufa, na hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyejali. Akafunga meza yake. Akatembea kwa miguu msituni mpaka akapata pikipiki, na kila mahali alikuwa anauliza. Pale Masisi alipita kwenye sherehe, wakamwonyesha njia ya kwetu kwa mfupa wa nyama.

Nilimwuliza kama aliwahi kumjua mama yetu.

"Hapana," akasema. "Lakini muntu akikufa na jina yangu, mimi siwezi kukaa nyumbani."

Kisha akaona msalaba, akaona herufi zile nne na brashi inayokauka, akauliza kuna nini. Umuhoza akamweleza. Gardien alisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia Hakorimana. Hakupandisha sauti.

"Wee kijana, ile jina ni yangu pia. Mimi naisoma hapa kwa musalaba na siogope. Mama yako anaogopa nini? Kama watu wanasema amekufa, ashuke kwa jipu, atembee na miguu, wamuone."

"Mama, hauelewe siasa..."

"Naelewa. Mulikula kilio ya huyu mama, sasa munataka na jina. Muende."

Kisha akapiga magoti mbele ya Sebarenzi, mama wa umri ule, akasema, "Papa, bibi yako alikuwa na jina. Utamuzika bila jina, kama mutoto mwenye alikufa mbele ya ubatizo?"

Sebarenzi akamshika bega, akamwinua. Akajipangusa uso kwa kiganja. Akasema, "Omer, andika. Andika yote."

Omer akaandika yote, na chini yake akaongeza "Daktari wa Ng'ombe" kwa herufi kubwa kupita kiasi, mpaka ubao ukamwishia na neno la mwisho likapinda kama mkia. Hakorimana alikuwa bado pale. Akapiga picha, akapiga simu, akasikiliza, akarudisha gari nyuma. Walipakia simenti, walipakia mchele, hata mfuko mmoja uliokwisha kupasuka waliuzoa. Wale majirani waliusindikiza kwa macho. Niliwadharau, kisha nikawapa maharagwe.

Tulimzika mchana. Wenye mashamba makubwa hawakuja, walikuwa bado wanasaga dume. Walikuja wachungaji wao, na fimbo zao na makoti yao ya mvua, wengi kuliko nilivyofikiri. Gardien aliteremka kaburini pamoja na wanaume kulipokea sanduku. Wakataka kumzuia, akawaambia wasogee upande wa kulia, kama vile bado yuko langoni.

Tangu hapo Mama wa Malori amebandika karatasi mpya kutoka Masisi mpaka Kitchanga: jina lake, uso wake, na chini "NIKO MUZIMA". Ni ahadi yake pekee inayoeleweka. Naye Papa Nzabandora, alipojua amemlilia mtu mwenye afya, alipeleka mtu kudai dume lake. Usifikiri alitaka kulileta kwetu. Alilitaka zizini. Wakamjibu limekwisha.

Sasa wewe.

Umuhoza alinionyesha simu yake. Siku ile ya tangazo uliandika mahali ambapo watu wote wanasoma, ukaweka picha ya mshumaa: "Pole nyingi kwa familia ya Mama Anastasie Kanyere, mfanyabiashara hodari, mama yetu sote." Mama yetu sote. Yule hajui kama ulizaliwa. Aliyekutoa kwa bibi yako ukiwa na tumbo la minyoo, akakulisha, akakufundisha kusoma juu ya meza yenye sindano za ng'ombe, ni wetu. Kusikia kwamba Anastasie Kanyere amekufa, wewe hukujiuliza hata mara moja kama ni yeye. Ulimwona tajiri kwanza. Kosa la redio nalielewa, redio haikulelewa hapa.

Umuhoza akakupigia mara tatu ukweli ulipojulikana. Hukupokea. Mshumaa wako bado uko pale, nimeuona jana. Nasikia wanasema yule mama akishinda atahitaji vijana waliosoma. Nakuombea upate kazi hiyo. Mtafaana.

Tunaondoa kilio mwanzoni mwa Januari, uchaguzi ukiisha na barabara ikitulia. Sebarenzi ameniambia nikualike, kwa hiyo nakualika. Gardien atakuja pia, amekwisha kusema. Chumba chako cha zamani, kile cha upande wa jikoni, nimempa yeye. Umuhoza ametandika kitanda na kuondoa vitabu vyako. Ukija, utalala sebuleni kama wageni wengine, na utasimama mbele ya ule msalaba, usome kwa sauti mpaka lile neno lililopinda.

Umuhoza anakusalimu, kwa shingo upande. Katekista Omer anakusalimu. Niyigena, mtoto wa marehemu kaka yangu mdogo, amefaulu mtihani, anauliza kama unamkumbuka. Msalimu sana Adelaïde. Mbusu mtoto, huyo hana kosa lolote.

Mungu akulinde na magonjwa ya huko, na akufumbue macho, hata kama itauma.

Mimi shangazi yako ninayekupenda, ingawa mwezi huu kwa kujilazimisha,

Emérita