Kaka Yako Kagomba Tena

Nyumbani, nyuma ya karakana,
Jumapili jioni.

Wifi yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na kabla ya yote niambie: goti limepoa? Shemeji bado anakoroma? Sisi huku wazima, mapacha wanakula kama mchwa, na leo roho yangu kwatu. Kaa vizuri, nina habari.

Unakumbuka ile picha niliyokutumia, ukasema kaka yako kanawiri, kitambi hicho? Si wewe peke yako. Mtaa mzima ulinipongeza kwa mapishi. Tena wakasema huyu waliyempa jina la Pilipili kwa ukali wake, siku hizi mpole, ndoa imemfunza. Nami nikatembea kifua mbele! Kumbe mwenzangu anaisha huku tunampigia makofi.

Ule haukuwa upole, wifi. Hakuwa na nguvu ya kukasirika. Mtu aliyekuwa akibeba kochi mgongoni peke yake, sasa akipigilia misumari kidogo tu anakaa chini. Mteja akimletea jeuri, anajibu "sawa tu." Kazi zikachelewa, wateja wakahamia kwa fundi makochi wa ng'ambo ya barabara, wasaidizi wakaondoka mmoja mmoja. Nikaanza kushona mapazia ya watu ili tule. Mwisho akajikwaa mlangoni, mkono ukavunjika. Tukatafuta na kupata mtu wa kununua mashine, tufunge karakana. Nililia, sikufichi.

Mkono huohuo ndio uliotuokoa. Daktari wa mifupa alishangaa mfupa wa mtu wa makamo kuwa dhaifu vile, akatupeleka kwa daktari wa homoni. Mama huyo akauliza kama aliwahi kuumia kichwa. Nikamtajia siku ile alipodondoka kichwa chini kutoka kwenye lori la mbao, kabla mapacha hawajazaliwa. Vipimo vikaonyesha kuna tezi ndogo chini ya ubongo iliyoumia siku ile, haitoi tena homoni ya ukuaji ya kutosha.

Kaka yako akauliza kwa kile kisauti chake cha ugonjwa, "Na mvi hizi, daktari, nikue niende wapi?"

Akaelezwa kwamba hata mtu mzima anaihitaji: misuli, mifupa, moyo, hata hamu ya kuamka asubuhi; ikipungua, mafuta hujaa tumboni, ndicho kile kitambi tulichokisifu.

Basi kila usiku anajidunga kisindano tumboni. Dawa ni ghali mno. Bima inabeba sehemu kubwa, iliyobaki tunajikamua. Lakini ugonjwa wenyewe ulikuwa ukitula zaidi, kimya kimya. Mnunuzi tulimwomba asubiri. Miezi ya mwanzo sikuona mabadiliko, nikaanza kukata tamaa.

Jana sasa! Mnunuzi karudi, kaishika mashine ya kushonea ngozi, anaigongagonga, eti mkweche. Wifi, nikasikia sauti.

"Toa mkono hapo! Mashine hii imewalisha wanangu, haiuzwi! Mlango ule pale!"

Watu barabarani walisimama. Mimi nilikaa sakafuni na pazia la watu mapajani, nacheka huku nalia. Akanigeukia.

"Na wewe unacheka nini? Nipe nyundo!"

Nikampa, wifi. Nilimpa kwa mikono miwili.

Msalimie shemeji, na umbusu kitindamimba wako. Mungu awafunike nyote kwa afya. Kaka yako anasema atakupigia kesho, ana neno nawe kuhusu ile picha. Simu uishike mbali na sikio.

Wifi yako, nikupendaye hata ukinichokoza,
Mama Mapacha