Timothée Anarudi Kwako

Kisangani, siku ya mvua

Tonton Désiré,

Samaki ulituma kutoka Yanonge ilifika muzuri. Mama anakusalimia, muguu yake iko inapona.

Mimi ningali napiga batterie, zile ngoma za orchestre. Kila asubuhi naanzia juu ya pneu ya zamani ya gari, polepole, mukono ya kushoto peke yake, vile wewe mwenyewe ulinifundisha. Halafu wakati orchestre yako ilitafuta mupigaji, ulisema mbele ya watu wote: "Mwanamuke hawezi kushika batterie." Kiti yangu ukamupa Timothée, mutoto yako. Nikaenda kupiga ku bar na ku ndoa za watu mpaka vidole vikatoka damu. Leo niko na orchestre yangu, na wapigaji nachagua mimi.

Bon, juzi Timothée alikuja kujaribiwa. Tonton, alipiga kupita wote. Nikamuambia: "Hapana. Rudi nyumbani."

Akabaki amesimama na baguettes, zile fimbo za kupigia, mukononi. "Yaya Chimène, dada yangu, nilikukosea nini?"

Nikaita mupigaji mwengine. Kesho anapanda pirogue ya ku muto kuja kwako. Utamujibu wewe.

Mutoto ya dada yako,
Chimène