Sahani ya Femke

Zwolle, 4 Machi 1985

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi tu wazima, isipokuwa Femke, na sababu unaijua. Jumapili nilikuachia mtoto wa miaka mitano, ukamkalisha mezani kwa muda wa saa nne nzima kwa ajili ya viazi vilivyopoa, mpaka akajikojolea. Mimi ulinilea hivyo hivyo nikanyamaza. Kwa binti yangu sinyamazi. Na usinisimulie tena kambi ya Wajapani uliyofungwa utotoni. Vita viliisha miaka arobaini iliyopita. Ni mezani kwako tu ndiko bado vinapiganwa.

Binti yako,
Liesbeth

Deventer, 9 Machi 1985

Liesbeth,

Mimi sijambo, ila goti. Wewe naona u mzima kabisa, maana nguvu za kunitukana unazo. Eti mtoto kajikojolea, basi dunia imekwisha! Mimi nikiwa na miaka kumi, huko kambini Java, nilisimama juani tangu alfajiri nikiwainamia askari, na sikutoa chozi. Nyinyi mmelelewa kwa siagi, mmekuwa siagi. Huyo mume wako Bram si alizimia kwa kung'olewa jino? Kaeni huko na unyonge wenu.

Mama yako

Zwolle, 12 Machi 1985

Mama,

Pole na goti. Tutakaa huku. Usipige simu.

Liesbeth

Deventer, 20 Oktoba 1985

Mwanangu Liesbeth,

Natumaini hamjambo nyote, hata Bram. Miezi saba sasa nakula peke yangu.

Bibi yako hakufa kwa malaria kama nilivyokuambia. Kambini tulipewa uji wa wanga, unavutika kama gundi. Siku moja nilisema unanuka, nikausukuma, ukamwagika. Mama hakunipiga. Alipiga magoti akaulamba sakafuni, wanawake wote wakimtazama. Nilimwonea aibu. Niligeuka nikajifanya simjui. Alikufa kwa njaa baada ya siku kumi na moja, na siku zote hizo sikumsemesha.

Huyo msichana aliyegeuka, nimemdharau maisha yangu yote. Kila mtoto akisukuma sahani, namwona yeye.

Usinihurumie, huruma yako sina pa kuiweka. Na maua usilete. Mlete Femke Jumapili. Pika mwenyewe, ale anachotaka, abakize anachotaka. Mimi nitakaa bustanini mpaka mtakapoondoa vyombo. Mvua ikinyesha, mwavuli ninao.

Mama yako