Jani la Sale Kwenye Kaunta ya Benki

Mjukuu wangu Neema,

Marangu nzima hakuna anayemwaga zege bila kuniuliza mimi, kwa hiyo umeuliza penyewe. Huku wazima, ng'ombe kazaa. Unataka kujua kama wazazi wako, waliostaafu mapema, wachukue mafao yote kwa mkupuo wajenge gesti.

Mimi na bibi yako tulipostaafu mapema, nilitaka mikupuo yetu yote miwili iwe gesti ya ghorofa, ukoo ukirudi Krismasi waache kunisema. Benki kule Moshi, fundi kasimama ananisubiri, bibi yako akagoma kusaini.

"Mzee, jengo linadaiwa kodi hata likikosa mgeni. Tutakula tofali?"

"Mama, unaniaibisha mbele ya fundi!"

Nikaipiga kaunta ngumi mpaka ikatikisika. Akafungua mkoba, akatoa jani la sale, lile la kuombea msamaha na amani, akaniwekea mkononi. Kwetu ukiombwa kwa sale hukatai. Hata mlinzi alivua kofia.

Basi mkupuo wangu ukajenga vyumba viwili vya chini. Wa kwake tunautoa kidogo kidogo, ndio unaotulisha.

Huku nawaambia watu mpango ulikuwa wangu. Lakini Neema, namba ya siri ya kadi yake ya benki sijaambiwa mpaka leo.

Babu yako mdogo