Kisanduku cha Kubebea Mayai

Kimandolu, Arusha

Mdogo wangu Tumaini,

Nakusalimu kwa upendo, na kabla sijasema langu nataka kujua lako. Kifua kimepona? Baba bado anatembelea fimbo? Mpe shikamoo yangu, aipokee akiwa ameketi. Mimi ni mzima. Huku mawingu hayajautoka Mlima Meru wiki nzima, na wanafunzi wangu hupuliza vidole kabla ya kushika kalamu. Baridi hii ni ya kwetu Njombe kabisa.

Barua yako ilininyima raha. Uliandika, "Ninyi wote mnamkumbuka marehemu mama. Mimi sina hata kitu kimoja." Unajua Baba alinikabidhi ile santuri ya kwaya ya misheni, ambamo mama anawaongoza waimbaji, ili nitafute gramafoni ya kuipigia. Basi Jumamosi nilikwenda mjini, dukani kwa Bwana Jivan. Mama Elisaria, mkulima wa kahawa ninayekaa kwake, alinisindikiza nisije nikapunjwa.

Zilikuwapo gramafoni mbili. Moja kubwa kama kabati, mbao zake zinang'aa. Nyingine kisanduku cha kubeba mkononi. Ukutani Bwana Jivan alikuwa amebandika ukurasa wa gazeti la Uingereza unaoisifu ile kubwa. Niliusoma wote, nikakaribia kuamini.

"Mwalimu, wataalamu wameshasema," akaniambia. "Unataka nini tena?"

"Nataka kusikia."

"Haya, sikia. Lakini sindano inakula santuri, dada. Kila ukiipiga, inapungua."

Tumaini, nikaikumbatia santuri kwa mikono miwili. Kumbe nitamtafuta mama kwa kumpunguza! Nikaamua: kila mashine mara moja, basi.

Ile kubwa ililijaza duka. Sauti nene, tamu, kama kanisa zima limeingia mlangoni. Mama Elisaria akajishika kifua. "Hii! Inaimba mpaka kwenye mbavu. Chukua hii, mwanangu. Hicho kingine ni cha kubebea mayai."

Nami nilistaajabu, lakini mama sikumpata. Niliwapata watu wengi wanaoimba vizuri.

Kisha kisanduku. Sauti ilitoka nyembamba, kavu, na kila mwimbaji akasimama mahali pake. Nilimsikia mama akivuta pumzi kabla ya kuanza. Nikafumba macho. Katika ubeti wa pili Mama Elisaria akageukia mlango.

"Nani kaleta mtoto humu?"

Hapakuwa na mtu. Bwana Jivan akacheka.

"Nyamazeni!" akakemea Mama Elisaria. "Mtoto analia humo ndani. Na mama yake anambembeleza huku anaimba. Hamsikii mkono?"

Nikasikia. Kilio kidogo, halafu pa, pa, pa, kiganja juu ya mbeleko, polepole kuliko wimbo wenyewe, na sauti ya mama haikuyumba hata kidogo.

Siku ile santuri iliporekodiwa nilikuwapo. Wanakwaya waliambiwa wawaache watoto nje, wakatii. Mama peke yake alikataa, maana ulikuwa na homa, akaimba nawe mgongoni. Kisa nilikijua; sikujua kwamba kimebaki mahali. Kimelala miaka yote hiyo katika mfereji wa santuri, mwembamba kuliko unywele, na bado ki hai. Nilisimama pale dukani kama mtu aliyeingia kanisani bila kujua ni kanisa.

Nimenunua kisanduku. Mama Elisaria alikibeba kichwani mpaka Kimandolu, na kila aliyemuuliza njiani alimjibu, "Mayai."

Nitakileta mwenyewe shule zikifungwa. Msalimie Bibi anayekulea, na shangazi yetu mwenye mashine ya kushona. Mjomba fundi seremala mwambie atengeneze meza isiyotikisika.

Siku hiyo nyumba itajaa watu, nao watausikiliza wimbo. Waache. Wewe usikilize mkono.

Dada yako akupendaye,
Neema